Somo: Kuwaazima wanasayansi kompyuta yako bila kuiua

Wakuu, salaam.

Kompyuta ikiwa wazi huku unasoma au unaandika, prosesa yake hutumia asilimia chache tu ya nguvu iliyonayo. Iliyobaki imekaa bure. Somo hili linahusu namna ya kuwaazima wanasayansi hiyo iliyobaki. Nitakaa sana kwenye joto na mipangilio, maana miongozo mingi hukimbilia kukusajili, halafu feni ikianza kuvuma kama jenereta unabaki peke yako.

Tuanze na kazi yenyewe. Hesabu kubwa hukatwa vipande vidogo. Seva ya mradi inakutumia kipande kimoja, mashine yako inakokotoa kwa saa kadhaa, inarudisha jibu, inachukua kingine. Si kila hesabu inakubali kukatwa hivyo. Utabiri wa hali ya hewa ya kesho haufai, kwa sababu kila eneo la ramani linategemea jirani yake kila dakika, na kompyuta zilizotawanyika duniani haziwezi kuongea kwa kasi hiyo. Lakini ukitaka kujua tabianchi itaendaje kwa miaka mingi, unaweza kumpa kila mtu modeli nzima yenye vigezo vilivyobadilishwa kidogo, kisha ukalinganisha majibu. Ndivyo mradi wa climateprediction.net wa Chuo Kikuu cha Oxford unavyofanya tangu 2003.

Miradi mingi hutuma kipande kilekile kwa watu wawili wasiofahamiana, na jibu hupokelewa tu majibu yao yakilingana. Mwaka 2010 Einstein@Home, mradi mmojawapo wa aina hii, ilitangaza pulsa mpya (mabaki ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutoa mawimbi ya redio), PSR J2007+2722, inayozunguka mara 41 hivi kwa sekunde. Data ilitoka kwenye darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, na kompyuta zilizoiona zilikuwa za watu wa kawaida: moja ya mume na mke huko Iowa, Marekani, nyingine ya mtu aliyeko Ujerumani.

Hatua ya 1: Joto na vumbi

Usisakinishe chochote kabla ya hili. Weka programu ya kupima joto la prosesa, kisha ipe mashine kazi nzito kwa nusu saa huku ukiangalia. Laptopu yangu ya kwanza kuingia kazini ilifika nyuzi 96 ndani ya dakika kumi, ikajizima. Nilipofungua mfuniko wa chini nilikuta vumbi kati ya feni na mapezi ya kupozea, limeshikana kama kipande cha blanketi. Nilivuta kwa kibano likatoka zima. Baada ya hapo kazi ileile iliishia nyuzi 78.

Mimi nikiona inapita 85 muda wote, napunguza kazi. Na laptopu isikae juu ya kitanda wala mto, inakabwa pumzi.

Hatua ya 2: Chagua mlango

Milango mikuu ni miwili. BOINC, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni programu moja inayobeba miradi mingi: Einstein@Home, Rosetta@home ya protini, LHC@home ya CERN (kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia), World Community Grid na mingineyo. Folding@home ina programu yake peke yake, inaiga jinsi protini zinavyojikunja, na inapenda sana kadi nzuri ya michoro.

Ushauri wangu: kama una kompyuta ya gemu yenye kadi kubwa, anza na Folding@home. Kama ni laptopu ya kawaida, nenda BOINC.

Hatua ya 3: Sakinisha

Pakua kutoka tovuti rasmi tu, si kwenye zile tovuti za kukusanya programu. Fungua BOINC, bonyeza "Add project", chagua mradi, weka barua pepe na nywila. Hiyo nywila isiwe ile unayotumia kwingine. Basi.

Hatua ya 4: Mipangilio (hapa ndipo penyewe)

Ingia "Computing preferences". Utaona asilimia mbili zinazofanana, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni idadi ya viini (cores) vya prosesa vitakavyotumika. Ya pili ni muda wa prosesa. Ukiweka muda kuwa asilimia 50, BOINC haifanyi kazi polepole: inakimbia kwa nguvu zote, inasimama, inakimbia tena, na joto linapanda na kushuka bila kutulia. Kwa hiyo acha muda kwenye 100, punguza viini. Prosesa yenye viini vinane, ipe BOINC vinne. Utasikia tofauti kwenye feni papo hapo.

Kisha weka alama mambo haya: isimame laptopu ikiwa kwenye betri, na isimame wewe ukiwa unatumia mashine, hasa kwa upande wa kadi ya michoro, maana hiyo ndiyo hufanya skrini ikwamekwame. Ukiwa na RAM ya kutosha, ruhusu pia kazi zilizosimama zibaki kwenye RAM ili ziendelee pale zilipoishia.

Akiba ya kazi iwe ndogo, nusu siku inatosha. Wageni hujaza kazi za siku kumi, kisha zinapitwa na tarehe ya mwisho na kutumwa kwa mtu mwingine, umeme wao umeenda bure.

Hatua ya 5: Zuia usingizi

Usiku wangu wa kwanza niliacha mashine ikiwa asilimia 3 ya kazi, nikaenda kulala nimejaa matumaini. Asubuhi: asilimia 4. Nayo ililala! BOINC haiamshi kompyuta iliyolala. Ingia mipangilio ya umeme, zima usingizi mashine ikiwa kwenye chaji. Skrini izime tu, haihitajiki.

Hatua ya 6: Kuondoka kwa adabu

Ukitaka kuacha, bonyeza "No new tasks", subiri kazi zilizopo ziishe na kutumwa, ndipo ujitoe.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, hujagusa konsoli. Nina PS5, naweza kujiunga?

Hapana, na inauma, maana konsoli ndizo zilizowahi kuubeba mchezo huu. Machi 2007 Sony na Folding@home waliiingiza PlayStation 3 kazini. Prosesa yake, Cell, ilikuwa hodari kwa hesabu za namna hiyo kuliko kompyuta nyingi za nyumbani za wakati huo, na Septemba mwaka huohuo mradi ukavuka petaflopu moja, yaani hesabu trilioni elfu moja kwa sekunde. Zaidi ya watumiaji milioni 15 wa PS3 walishiriki hadi huduma ilipofungwa Novemba 2012. Wengine waliweka Linux kwenye PS3 wakaendesha BOINC, lakini Sony waliufunga mlango huo kwa sasisho la Aprili 2010. Konsoli za sasa hazina programu rasmi ya kazi hii. Usikubali mtu akuambie uvunje ulinzi wa programu za PS5 yako kwa ajili ya sayansi.

Umeme je? Mwenye nyumba wangu anahesabu kila yuniti.

Piga hesabu kabla hajaipiga yeye. Tuseme kazi inaongeza wati 60 juu ya matumizi ya kawaida, saa 10 kwa siku. Hiyo ni wati-saa 600, yaani yuniti 0.6. Kwa siku 30 ni yuniti 18. Kadi kubwa ya gemu inaweza kula wati 200 au zaidi, hapo zidisha mwenyewe. Kama bili inakubana, washa miezi ya baridi tu, joto lake lina kazi chumbani.

Kuna malipo?

Pointi. Hazinunui kitu. Ipo sarafu ya kidijitali iitwayo Gridcoin inayowazawadia watu wa BOINC, ila ukiingia kwa hesabu ya faida, umeme utakusuta.

Simu ya Android inafaa?

BOINC ya Android ipo. Kwa mipangilio yake ya kawaida hufanya kazi simu ikiwa kwenye chaji, betri imefika asilimia 90, na mtandao ni wa Wi-Fi, hivyo bando lako liko salama. Mimi natumia simu ya zamani iliyovunjika kioo. Ile ya kila siku siiweki, betri na joto havipatani.

Nitajuaje hawanichungulii mafaili?

Swali zuri, dada. Unachoruhusu ni programu ya mtu mwingine kuendeshwa kwenye mashine yako, kwa hiyo imani yako iko kwa mradi. BOINC hukagua saini ya kidijitali ya programu kabla ya kuiendesha, ili mtu akivamia seva asiweze kukusukumia virusi kirahisi. Lakini saini haimfanyi tapeli kuwa mwanasayansi. Jiunge na miradi yenye chuo au taasisi inayojulikana na inayochapisha matokeo. Ukiona "mradi" unaoahidi pesa na hausemi unakokotoa nini, huo unachimba sarafu kwa umeme wako.

Ofisini kuna kompyuta arobaini zinalala usiku...

Ruhusa ya maandishi kwanza, ndugu yangu. Marekani fundi mmoja wa chuo aliwahi kufunguliwa mashtaka kwa kusakinisha programu ya aina hii kwenye kompyuta za chuo bila idhini. Nia njema haikumsaidia.

Wale wa kutafuta viumbe wa anga za mbali walipata nini?

SETI@home ilianza Mei 1999, ikaacha kugawa kazi 31 Machi 2020. Hakuna kiumbe aliyepatikana. Ila BOINC ilitokana na watu walewale, kwa hiyo kila mradi nilioutaja hapo juu unaopita BOINC unakula matunda yao.

Nimejiunga saa tatu sasa, inaniambia hakuna kazi. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Seva nyingine hukaukiwa kwa siku kadhaa, watafiti wakiwa bado wanaandaa data. Ongeza mradi wa pili, kisha kwenye tovuti yake weka mgao wa rasilimali kuwa 0: utafanya kazi pale tu wa kwanza unapokosa. Na acha kubonyeza kitufe cha kusasisha, programu inaomba yenyewe, kila ikikosa inasubiri kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuomba tena.