Gari la Dola 500, Siku Mbili Uwanjani: Kujiandaa kwa Mbio za Lemons

Mashindano ya magari ya 24 Hours of Lemons (yaani "Saa 24 za Magari Mabovu") yalianza California mwaka 2006, na sharti lake linalojulikana zaidi ni bei: gari lisizidi dola 500. Vifaa vya usalama, breki, rimu na tairi havihesabiwi. Waamuzi hulikagua gari kabla ya mbio, na kila dola 10 iliyozidi inakukata mzunguko mmoja. Ukiuza viti na redio ulivyong'oa, fedha hiyo inapunguzwa kwenye bei, kwa hiyo tunza risiti. Jina nalo lisikutishe: mara nyingi ni siku mbili, saa 14 hadi 16 za kuendesha, na usiku mnalala (au mnafungua gia boksi).

Kabla ya kununua chochote, piga hesabu hii. Kwenye uwanja ambao mzunguko ni dakika 2, kusimama dakika 10 kwa sababu ya hosi iliyopasuka ni mizunguko 5 imekwenda. Ukiwa na gari linalompita mwenzako kwa sekunde 2 kila mzunguko, utahitaji mizunguko 300 kufidia dakika hizo 10, yaani saa 10. Basi usiguse injini kutafuta nguvu. Tafuta gari jepesi ambalo spea zake zipo duka lolote la jirani: Toyota Corolla, Honda Civic, Mazda Miata. Gari la ajabu litawafurahisha waamuzi, na tuzo kubwa kuliko zote, Index of Effluency, huenda kwa timu iliyofanya makubwa kwa gari bovu kabisa, lakini beringi yake utaisubiri wiki mbili.

Kizimba cha vyuma kinachomlinda dereva mpe mchomeleaji aliyewahi kutengeneza cha mbio. Kwa gari lenye uzito chini ya pauni 3,000 (kama kilo 1,360), bomba la kawaida ni la kipenyo cha inchi 1.5, unene inchi 0.095, soma kanuni za mwaka huo kabla ya kukata. Kizimba pekee kinaweza kuzidi bei ya gari mara kadhaa. Helmeti iwe na alama ya Snell SA, kiwango cha helmeti za mbio za magari. Ya pikipiki haipiti.

Ugonjwa nambari moja ni joto. Rejeta nyingi za magari haya zina tangi la plastiki lililobanwa kwenye alumini, na baada ya miaka 20 plastiki inakauka na kupasuka pale pale kwenye mkunjo. Weka rejeta mpya, hosi zote mpya, wota pampu, themostati na kifuniko cha rejeta. Jaza maji yaliyosafishwa: viwanja vingi vinakataa kulanti (dawa ya rejeta) ya glaikoli kwa sababu ikimwagika lami inateleza kama sabuni. Pandisha pua ya gari juu ya jeki unapojaza ili hewa itoke. Hewa ikibaki kwenye hedi ya injini, geji ya joto inasoma vizuri huku gasketi inaungua. Geji ya kiwandani usiiamini, nyingi hukaa katikati mpaka mambo yameharibika. Funga yenye namba, pamoja na taa kubwa nyekundu ya presha ya oili mbele ya macho ya dereva. Kwenye kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja wa sampu (karai la oili chini ya injini) na pampu ikavuta hewa. Kuongeza nusu lita juu ya alama husaidia injini nyingi, na vibao vya kuizuia ndani ya sampu husaidia zaidi.

Breki: pedi za mbio, oili ya breki ya DOT 4 inayostahimili joto kali, na hosi ya milimita 75 ya kupeleka upepo katikati ya diski. Pedi ikibaki na unene sawa na bati lake la nyuma, itoe hata kama bado inashika, maana joto sasa linapita moja kwa moja kwenye oili, inachemka, na pedeli inazama hadi sakafuni.

Beringi za mbele hufa bila hodi. Kwa kuwa nyingi zinahitaji presi kuziingiza, njoo na nako nzima (chuma kinachoshikilia gurudumu) yenye beringi na habu tayari. Hapo unafungua boli tu. Bebeni pia studi na nati za tairi, altaneta, boli jointi na klachi. Kaza nati kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kisha rudia baada ya kipindi cha kwanza.

Gari jepesi hunywa takriban lita 20 kwa saa, hivyo tangi la lita 45 linatosha karibu saa mbili, na hapo ndipo dereva hubadilishwa. Mpangilio: zima injini, dereva atoke, ndipo madumu ya petroli yaje. Mmoja anamimina, mwingine amesimama na kizimamoto amekitoa pini, wote wamevaa nguo zisizoshika moto. Fanyeni mazoezi nyumbani, hasa ya mikanda: ule wa katikati ya miguu hupenda kujificha chini ya makalio ya dereva mpya, akalazimika kunyanyuka tena. Mkanda huo uufunge kwenye pindo la kiti kwa mpira mwepesi. Na injini ikianza kukohoa kwenye kona za upande mmoja tu, petroli imekimbia pampu: dereva amalizie mzunguko huo na kuingia kujaza mafuta.