Kabla Hujaweka Hela Kwenye Kitalu cha Uwindaji: Ardhi Kwanza, Wanyama Baadaye

Kila msimu wa uwindaji unapokaribia, vijana wanaotaka kuingia kwenye biashara hii huniuliza yaleyale: magari mangapi yatatosha, kambi ijengwe wapi, mwindaji bingwa atapatikana wapi. Hayo yana majibu, na ukiwa na simu utayapata ndani ya wiki. Swali wasilouliza ndilo linalofilisi watu: ardhi unayokwenda kuwindia ni ya nani, na ni nani anaweza kubadilisha matumizi yake wakati wageni waliokulipa waje kuwinda wako angani wanakuja? Soma haya kabla hujasaini chochote.

Kwanza elewa unachokodi. Kitalu si shamba. Kwa Tanzania ardhi yote ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na wewe unapewa haki ya kuwinda wanyama wa idadi fulani, ndani ya mipaka fulani, kwa muda fulani. Basi. Ukijenga kambi ya matofali na sakafu ya vigae, umejenga kwenye ardhi isiyo yako. Weka mahema mazuri yanayokunjika.

Leseni, ada ya kitalu, mgao wa wanyama, vibali vya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, vya kusafirishia nyara (pembe, ngozi na mafuvu ya mgeni): hakikisha vyote viko sawa na nakala ziwe sehemu mbili. Hili sihitaji kulieleza.

Sasa tazama kitalu chako kiko kwenye eneo la aina gani, maana hapa ndipo wengi wanaruka. Kuna mapori ya akiba, kuna mapori tengefu, na kuna maeneo ya jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, zile tunazoziita WMA. Kwenye WMA ardhi ni ya vijiji, na vijiji vyenyewe ndivyo vilivyotenga eneo. Soma mkataba wao neno kwa neno, uliza mapato yanagawanywaje, na uliza kama kuna kijiji kinachotaka kujitoa. Kijiji kimoja kikichoka, unaweza kuta njia yako ya kuingilia kambini imefungwa.

Pori la akiba linaonekana salama kwa sababu kisheria watu hawaishi humo. Lakini kalamu inayolilinda ndiyo hiyohiyo inayoweza kuligeuza. Julai 26, 2019, msimu ukiwa umeshafunguliwa, Rais Magufuli akiwa Rufiji kuweka jiwe la msingi la bwawa la umeme aliagiza Pori la Akiba la Selous ligawanywe na sehemu yake iwe hifadhi ya taifa. Kabla mwaka haujaisha ikazaliwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, na kwenye hifadhi ya taifa hakuna kuwinda. Hapakuwa na kijiji kilichovamia wala mahakama iliyoamua. Ulikuwa uamuzi halali wa mamlaka yenye haki ya kuamua. Mwaka huohuo mapori mengine ya akiba, likiwemo la Burigi kule Kagera, nayo yalipandishwa hadhi. Mimi sibishani na hifadhi za taifa. Nchi ina haki ya kuchagua inavyotaka kutumia pori lake. Ninachosema ni kwamba kama mkataba wako na mgeni hausemi nini kitatokea hadhi ya eneo ikibadilika, mzigo wote utakuangukia wewe.

Na usidhani ni hadhi ya eneo tu. Oktoba 2017 waziri mpya wa Maliasili na Utalii alifuta umiliki wa vitalu uliokuwa umetolewa, akataka vigawiwe kwa mnada. Mnada wa kielektroniki ulianza 2019. Mnada una uwazi zaidi kuliko utaratibu wa zamani, nauunga mkono, lakini fikiria aliyekuwa amekwisha kuuza safari za miaka miwili mbele. Wageni wa simba na tembo hawaamki wakapanda ndege. Wanaweka nafasi mwaka mmoja, miwili kabla, wanatanguliza fedha, na safari yenyewe ni wiki tatu. Biashara inayouzwa miaka miwili mbele inakaa juu ya ardhi ambayo hatima yake inaweza kubadilika kwa tamko la jioni moja.

Pori tengefu ndilo lenye moto zaidi. Kwa miaka mingi mapori haya yalipandana na ardhi za vijiji, watu wakiishi na kuchunga humohumo huku uwindaji ukiendelea. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 ikaja na mambo mawili kwa pamoja: ikakataza kuchunga mifugo na kulima ndani ya pori tengefu, na ikataka ardhi ya kijiji isijumuishwe ndani yake. Maana yake mipaka ilibidi ichorwe upya, na pale ilipochelewa, kila upande ulibaki na sheria yake mkononi. Mwenye kitalu ana Sheria ya Wanyamapori, kijiji kina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999.

Mgogoro wa Loliondo, wilayani Ngorongoro, unaujua. Kitalu kilitolewa 1992, na tangu hapo kila serikali imekuwa na kauli yake. Mwaka 2017 waziri alitangaza kampuni yenye kitalu iondoke, haikuondoka. Juni 2022 zikawekwa alama za mipaka kwenye kilomita za mraba 1,500 hivi, pakatokea vurugu, askari polisi akauawa, wananchi wakajeruhiwa na wengine wakavuka kwenda Kenya. Eneo likawa Pori la Akiba la Pololeti, kesi zikaenda mahakamani. Upande wa pili, mwaka 2019 Serikali ilielekeza vijiji vilivyokuwa vinadaiwa kuwa ndani ya hifadhi visiondolewe kwa pupa, na kamati ya mawaziri wa kisekta ikapendekeza vijiji 920 kati ya 975 vyenye migogoro vibaki. Nchi moja, miaka hiyohiyo: huku watu wanaondolewa, kule wanaachiwa. Kwa hiyo usiniambie umeangalia sheria ukamaliza. Angalia na upepo.

Hapa nataka ukae vizuri, maana hili nililiona kwa macho.

Niliwahi kushughulikia vifaa kwenye kambi ya kampuni moja, kitalu kikiwa kimepakana na vijiji vya wafugaji. Karatasi za kampuni zilikuwa safi. Kijiji nacho kilikuwa na cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi, na kwenye mpango ule mto uliopita katikati ya kitalu chetu uliandikwa malisho ya kiangazi. Nyaraka mbili, zote zina mhuri wa Serikali, zote zinazungumzia mto mmoja. Mkurugenzi aliambiwa aende akakae na kijiji. Jibu lake lilikuwa kwamba amelipa wizarani, kijiji hakimhusu.

Ukafika mwaka wa uchaguzi. Agosti, siku ya mnada wa ng'ombe, mgombea mmoja akapanda juu ya gari na kipaza sauti akasema, mkinipa kura, mto unarudi kwenu. Watu hawakusubiri kura. Malambo yalikuwa yamekauka, na aliyekuwa na ng'ombe mia wanaolala na kiu hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Sisi tulikuwa na mgeni wa siku 21, amekuja kwa ajili ya simba dume. Chambo kilikuwa kimefungwa kwenye mgunga karibu na mto, paja la pundamilia, na dume mmoja mwenye manyoya meusi alikuwa amekula pale usiku mbili mfululizo. Alfajiri ya tatu mwindaji bingwa na mgeni walijificha wakasubiri kupambazuke. Walichosikia ni kengele. Jua lilipotoka, chini ya ule mti walikuwa wamesimama ng'ombe, vumbi limefika kwenye chambo, na nyuma yao watoto wawili na fimbo zao wakishangaa ule mguu unaoning'inia. Simba hakuonekana tena upande ule.

Askari wa wanyamapori aliyekuwa nasi alitaka ng'ombe wakamatwe. Ndani ya saa moja magogo yalikuwa barabarani na wanaume wamekaa juu yake. Hapakumwagika damu kwa sababu moja tu: mtendaji wa kijiji alifika na pikipiki, akasimama katikati, akaongea na pande zote hadi mchana. Yule ambaye kampuni haikuwahi kumtembelea ofisini kwake hata siku moja.

Mgeni aliondoka safari haijafika nusu, akadai fedha zake. Fedha hazikuwepo, malipo yake ya awali yalikuwa yameshakuwa jenereta, mahema na gari. Gari likauzwa. Wageni waliofuata walipata habari kwa wenzao, wakaahirisha. Wafuata nyayo, wapishi na wachuna ngozi wakarudi makwao na nusu ya mshahara. Baadhi yao walitoka kijiji kilekile, na mmoja wa watoto wale wenye fimbo alikuwa mpwa wa mpishi wetu. Mpishi yule angeweza kutueleza ng'ombe hupita wapi kila Septemba, tangu enzi za babu yake. Hakuna aliyemuuliza.

Simlaumu mgombea peke yake. Maneno yake yalishika kwa sababu yalikuta kiu.

Basi fanya hivi. Nenda kijijini kabla ya kwenda kununua hema. Anza kwa mtendaji na mwenyekiti, lakini usiishie kwenye halmashauri ya kijiji. Omba suala lako lifike mkutano mkuu, na uondoke na nakala ya muhtasari. Kama ni Wamasai, kaa na laigwanani, kiongozi wao wa mila. Linganisha ramani ya kijiji na ya kitalu, halafu tembea mpaka kwa miguu, bikoni kwa bikoni, na mzee mmoja wa pale na GPS mkononi. Tembea masika na urudi kiangazi, kwa sababu ardhi inayogombewa Oktoba huwa haina mtu Aprili. Waulize kina mama wanachota maji wapi. Kubalianeni njia ya mifugo ya kiangazi, iandikwe, isainiwe, na mpange uwindaji wenu kuizunguka. Kipande cha mto utakachokiacha ni gharama ndogo kuliko msimu mzima.

Malipo ya awali ya mgeni yasiguswe. Yakae kwenye akaunti ya peke yake hadi mgao wa wanyama umethibitishwa na mipaka haina ubishi. Mkataba useme waziwazi: eneo likibadilishwa hadhi, kitalu kikifutwa, au kukiwa na zuio la mahakama, mgeni anarudishiwa kiasi gani na lini, au anahamishiwa kitalu gani. Mwambie ukweli mapema. Wageni hawa wanasoma habari, wengi wanakumbuka mashamba ya wanyama ya Zimbabwe yalivyovamiwa kuanzia 2000, na akisikia mgogoro wa ardhi nchi moja ya Afrika huogopa zote. Asikie kwako kabla ya kusikia kwa mwingine.

Mishahara ya wafanyakazi ya msimu mzima itengwe kabla msimu haujaanza. Hili halina mjadala.

Mengine ni ya kuchunga tu. Sikiliza bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii inaposomwa bungeni, na fuatilia Gazeti la Serikali, si mitandao peke yake. Mwaka wa uchaguzi punguza safari za Septemba na Oktoba kwenye vitalu vinavyopakana na vijiji. Usimtegemee mkubwa mmoja. Akihamishwa, umebaki peke yako. Usichangie kampeni ya mtu, usikodishe gari la kambi kwa chama chochote, hata kwa siku moja, hata kwa mafuta yao. Mgeni asigawe dola barabarani. Nyama ya wanyama mliowinda ifike kijijini ikiwa bado safi na kwa utaratibu wa afisa wanyamapori. Namba ya mtendaji na ya kituo cha polisi ziwe kwenye kila gari, na redio zijaribiwe kila asubuhi. Na ukiona magogo barabarani, zima injini, shuka mikono ikiwa wazi, bunduki zibaki ndani ya gari.