Jinsi ya Kuunganisha Kazi ya Kwato, Uhunzi na Ufuaji wa Visu

Fundi wa kwato za farasi anayetaka pia kuwa mhunzi na mfua visu ana faida ambayo wanafunzi wengi wa uhunzi hawana. Tayari ana fuawe, nyundo, koleo na tanuri, na mikono yake imezoea chuma chenye moto. Hata hivyo, faida hiyo humpoteza asiyejihadhari, kwa sababu kazi hizi tatu zina moto mmoja lakini kila moja ina masharti yake. Kiatu cha farasi hufuliwa kwa chuma laini, ambacho hata ukikipasha moto kupita kiasi kidogo bado kitafaa. Kisu hufuliwa kwa chuma chenye kaboni nyingi, ambacho kosa la dakika moja hukiharibu bila dalili yoyote juu. Farasi naye ni kiumbe hai, na akiumizwa leo hutaweza kumrudisha motoni kesho. Kwa hiyo panga kazi zako ukianza na ukwato, kisha uhunzi, na kisu kiwe cha mwisho.

Jambo la kwanza ni kujifunza kazi ya kwato chini ya fundi mwenye uzoefu, na kujua sheria ya mahali unapofanyia kazi. Nchini Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1975 ya usajili wa mafundi wa kwato, mtu asiyesajiliwa haruhusiwi kuvisha farasi viatu. Marekani kwa jumla haidai leseni, ingawa ipo mitihani ya hiari. Hata pale ambapo sheria haikulazimishi kuwa mwanagenzi, jilazimishe mwenyewe. Hakuna maandishi, haya yakiwemo, yanayoweza kukufundisha uzito wa mguu wa farasi unaotaka kuponyoka mapajani mwako.

Ukuta wa ukwato hukua takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi, na ndiyo maana farasi wengi huhitaji kupunguzwa kwato au kubadilishiwa viatu kila baada ya wiki 6 hadi 8. Muda huo ndio kalenda yako. Andika katika daftari tarehe ya kila farasi, umbo la kwato zake, ukubwa wa kiatu na jambo lolote lisilo la kawaida, kisha kazi nyingine zote zipangwe katika nafasi zinazobaki. Fundi anayeahirisha farasi ili amalize kisu cha mteja atawapoteza wateja wa pande zote mbili, na huyo farasi atatembea kwa kwato ndefu zinazovuta mishipa ya miguu yake.

Upigaji wa misumari unastahili kuelezwa kwa urefu, kwa kuwa hapo ndipo madhara hutokea. Tazama wayo wa ukwato: kati ya ukuta mgumu wa nje na wayo wenyewe kuna mstari mweupe. Msumari huingia kwenye mstari huo au nje yake, wala haupaswi kuelekea ndani, kwenye nyama yenye damu na hisia. Ncha ya msumari wa farasi imechongwa upande mmoja, na upande huo, ambao kwa kawaida huonyeshwa kwa alama kwenye kichwa cha msumari, huelekezwa ndani ili msumari ujipinde kwenda nje na kutokeza ukutani takriban theluthi moja ya kimo cha ukwato. Usipigilie misumari nyuma ya sehemu pana zaidi ya ukwato, kwa maana visigino huhitaji kupanuka kila farasi anapokanyaga. Piga taratibu mwanzoni huku ukisikiliza. Msumari unaopita katika ukuta mzuri hutoa mlio unaozidi kuwa mkavu kadiri unavyozama, na nyundo huhisi ukinzani. Mlio ukibaki mzito, msumari ukiteleza kwa urahisi, au farasi akishtuka, ung'oe mara moja. Ukiona damu au unyevu, safisha tundu kwa ayodini, usirudishe msumari mahali hapo, mweleze mwenye farasi bila kuficha, na muulize kama mnyama amechanjwa pepopunda. Daktari wa mifugo aarifiwe siku hiyo hiyo.

Sasa uhunzi. Zamani kila kiatu kilifuliwa kwa mkono, lakini mwaka 1835 Henry Burden wa mji wa Troy, New York, alipata hataza ya mashine ya kutengeneza viatu vya farasi, na tangu viwanda viliposhika kazi hiyo fundi ameweza kununua viatu vilivyo tayari na kuvirekebisha tu. Jambo hilo limeokoa muda mwingi, lakini limewafanya mafundi wengi wapoteze ustadi wa kufua kipande cha chuma kutoka mwanzo hadi mwisho. Ninakusihi usiwe mmoja wao. Tenga muda wa kufua viatu kutoka kwenye nondo bapa iliyonyooka: kata kwa kipimo, pinda ncha ya mbele, kunja matawi mawili, chonga mfereji wa misumari, toboa matundu, kisha linganisha na ukwato uliouchora kwenye karatasi. Katika kiatu kimoja utakuwa umejifunza kurefusha chuma, kukibana, kukipinda na kukitoboa, na hizo ndizo pigo zote utakazozihitaji katika kisu. Jifunze pia kufua koleo zako mwenyewe, kwa sababu koleo lisiloshika vizuri ndilo hurusha chuma chekundu kuelekea mguuni.

Fuawe la fundi wa kwato linalobebwa garini huwa jepesi, lenye pembe ndefu na kisigino chembamba. Linafaa sana kwa viatu, lakini usilipige kwa nyundo nzito za kufulia vipande vinene. Kwa kazi hiyo weka fuawe zito zaidi kwenye karakana yako. Vilevile tenganisha vifaa. Tupa la kumalizia kwato lisiguse chuma cha moto; kwa chuma cha moto tumia lile lililochakaa. Koleo la kukatia kwato lisikate msumari wala waya hata mara moja, kwa sababu pengo moja dogo katika makali yake litaacha mchirizi katika kila ukwato.

Hapa tunafikia swali ambalo kila fundi huulizwa: je, kiatu kikuukuu cha farasi kinaweza kuwa kisu? Kinaweza kuwa na umbo la kisu, lakini hakitakuwa kisu cha kazi. Chuma cha viatu huwa na kaboni takriban asilimia 0.2 au pungufu, na chuma cha namna hiyo hakishiki matiko, yaani ugumu unaopatikana kwa kukipasha moto na kukizima ghafla, ya kutosha kubeba makali. Tumia viatu vikuukuu kutengeneza kulabu, vishikio vya milango na mapambo, na mteja akikuomba kisu cha kiatu mwambie waziwazi kwamba ni pambo. Kuuza pambo kwa jina la kisu ni udanganyifu.

Kisu huhitaji kaboni takriban asilimia 0.6 hadi 1. Kwa anayeanza, nunua chuma kinachojulikana, kama kile kiitwacho 1084, badala ya kuokota vipande usivyovijua. Hata hivyo, fundi wa kwato ana hazina yake mwenyewe, yaani matupa yaliyochakaa. Baadhi ni ya chuma chenye kaboni nyingi hadi kiini, na mengine yamegandishwa kaboni juu tu huku ndani yakibaki laini. Namna ya kuyatofautisha ni hii: kata kipande chembamba, kipashe moto hadi sumaku isikishike tena, ongeza moto kidogo tu, kisha kizime katika mafuta. Kikipoa, kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa, vaa miwani ya kinga na ukipige. Kikivunjika bila kupinda, na sehemu iliyovunjika ikawa ya kijivu yenye punje laini kote, tupa hilo litafaa. Kikipinda, au kikavunjika ngozi ya juu huku kiini kikichanika, lipeleke kwenye vyuma chakavu. Tupa litakalofaa lisagwe meno kabla ya kufuliwa, kwa maana meno yakikunjwa ndani ya chuma huacha nyufa ambazo hutaziona hadi kisu kitakapopasuka wakati wa kutiwa matiko.

Kisu cha kwanza kiwe kisu cha kuchongea kwato. Ninashikilia ushauri huu kwa nguvu, kwa sababu utakitumia kila siku ya kazi na kitakueleza ukweli haraka kuliko mteja yeyote. Fua ubapa mwembamba wa milimita 2 hadi 3, ukiacha msuka wa kuingia kwenye mpini. Usikigonge chuma kikishapungua wekundu wake, wala usikiache kifikie kurusha cheche, kwa kuwa cheche ni kaboni na chuma vikiungua. Amua mapema kama ni cha mkono wa kulia au wa kushoto, upe ubapa mpindo mdogo, kisha kunja ncha, ikiwa ya moto, kuzunguka fimbo nyembamba ya chuma. Makali huchongwa upande mmoja tu, na kabla ya matiko yaachwe na unene wa karibu milimita moja ili yasijikunje wala kupasuka.

Baada ya kufua, pasha moto ubapa hadi sumaku isishike, uache upoe hewani, na urudie mara 3. Hatua hiyo huondoa mkazo na kusawazisha punje za chuma. Fanya matiko kwenye kivuli, ambapo rangi ya moto huonekana kwa usahihi. Kwa chuma cha 1084 lenga nyuzi 800 hadi 815 za Selsiasi, sawasawa kuanzia makali hadi mgongo, kisha zamisha bila kusita katika mafuta ya mimea yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Ubapa mwembamba hupoa ukiwa bado njiani, kwa hiyo chombo cha mafuta kiwe karibu na mdomo wa tanuri, na kiwe cha chuma chenye kifuniko cha kuzima miali. Jaribu makali kwa tupa jipya: likiteleza bila kukwangua, matiko yameshika. Kisu kikiwa hivyo ni kigumu lakini huvunjika upesi, basi kiingize bila kuchelewa kwenye joko la nyuzi 200 hadi 230 kwa saa moja au mbili, kipoe, kisha rudia. Kwa kuwa kwato hubeba mchanga na vijiwe, mimi huchagua upande wa juu wa kiwango hicho.

Kuhusu afya, usifue wala kuunguza chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu moshi wake huleta homa kali. Tanuri la gesi katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo na harufu, kwa hiyo fungua milango. Vaa barakoa ya vumbi unaposaga, na usivae glavu za kitambaa karibu na mashine inayozunguka. Mgongo ni suala jingine: siku ya farasi wengi isifuatwe na usiku wa kusaga visu. Weka farasi asubuhi, ufuaji mwepesi jioni, na matiko katika siku ambayo hukuinama chini ya mnyama yeyote.

Kisu kikiisha kunolewa kwenye kinoo, kijaribu kwenye ukwato mkavu. Makali yakijikunja, kisu ni laini mno na matiko yarudiwe. Yakimeguka, kirudishe kwenye joto la nyuzi 15 zaidi kisha ukinoe upya. Visu vyako vya mwanzo wape mafundi wenzako wavitumie kwa mzunguko mzima wa wiki 6 hadi 8, kila kimoja kikiwa na namba iliyogongwa kwenye msuka na kuandikwa katika daftari pamoja na aina ya chuma na joto ulilotumia. Vikirudi, kagua makali ya kila kimoja kwenye mwanga, soma namba yake, na ndipo uamue ni kipi utakachotengenezea wateja wanaolipa.