Kubuni chipu ya chipleti kwa ajili ya shindano: anzeni na hesabu

Chipleti ni vipande vya silikoni vinavyotengenezwa kila kimoja peke yake, kisha vikafungwa ndani ya pakiti moja vifanye kazi kama chipu moja. Timu ya chuo hapa Mwanza inayotaka kuingia shindano la usanifu wake inaweza kuanza na kompyuta mpakato yenye Linux. Ugumu uko kwenye daftari.

Hatua ya 1: Chagueni kazi inayostahili

Kutafuta magugumaji kwenye picha za setilaiti hakuhitaji chipleti. Chipu ndogo moja inamaliza. Mimi ningechagua utabiri wa dhoruba za usiku ziwani, zile zinazowakuta wavuvi wa dagaa wakiwa mbali na nchi kavu. Anga juu ya ziwa hugawanywa katika miraba, na kila mraba huhesabiwa upya kwa kuangalia majirani zake. Tuchukue miraba 1,000 kwa 1,000, kila mmoja na baiti 2,000 za upepo, joto na unyevu wa tabaka zote. Jumla ni gigabaiti 2.

Hatua ya 2: Thibitisheni kwamba kugawa kunalipa

Fundi mtumbwi anayetaka ubao mrefu usio na kifundo hukataa mbao nyingi. Wa vipande vifupi huvikwepa vifundo. Silikoni nayo ina kasoro. Zikiwa 0.1 kwa sentimita ya mraba, zidisheni kwa eneo, wekeni alama ya kutoa, kisha lifanyeni jibu kuwa kipeo cha e (namba ya takriban 2.718). Chipu ya milimita za mraba 800 hutoka nzima kwa 45% tu. Igaweni mara nne, ongezeni eneo kwa 10% kwa ajili ya viungo: vipande vya 220 hutoka vizima kwa 80%. Silikoni inayotumika kupata chipu moja nzima inashuka kutoka sentimita za mraba 17.8 hadi 11.

Si nadharia tupu. EPYC ya 2017, chipu ya seva ya kampuni ya AMD, ilikuwa na vipande vinne vya milimita za mraba 213. Kipande kimoja kingekuwa 777, na kwa hesabu za AMD wenyewe vile vinne viligharimu takriban 59% ya hicho kimoja.

Msisahau hasara ya kufunga. Kila kipande kikikaa salama kwa 99%, vinne kwa pamoja vinabaki 96%.

Hatua ya 3: Kateni pasipo na msongamano

Hapa ndipo shindano lilipo. Kishawishi ni kugawa kwa majukumu: chipleti ya upepo, chipleti ya mvua. Mkifanya hivyo, gigabaiti 2 zote zinavuka kila mzunguko wa hesabu. Kiungo cha UCIe, kiwango cha kuunganisha chipleti kilichotangazwa 2022, chenye njia 16 za gigabiti 16 kwa sekunde kila moja, hupitisha gigabaiti 32 kwa sekunde kila upande. Kuvuka huko kunakula milisekunde 62.

Gaweni ziwa badala yake. Kila chipleti ichukue miraba 500 kwa 500, na jirani apelekewe mstari wa mpakani tu, yaani miraba 500. Hiyo ni megabaiti 1, na muda wake ni takriban mikrosekunde 31.

Lakini angalieni kumbukumbu. EPYC ya 2019 iliweka vidhibiti vya kumbukumbu kwenye kipande kimoja cha katikati, na wengi huiga mchoro huo bila kujiuliza. Kwa kazi yetu, kila chipleti ingelazimika kuvuta megabaiti 500 kupitia kiungo kila mzunguko, na faida yote ya mpaka ingepotea. Fuateni ule wa 2017: kila kipande na kumbukumbu yake.

Hatua ya 4: Zana

Yosys na OpenROAD kwa kuchora kipande, BookSim kwa mwendo wa data. Kanuni za utengenezaji za SKY130, zilizofunguliwa na Google na SkyWater mwaka 2020, ni za nanomita 130. Msichukue kiasi cha umeme kinachotumika hapo mkakiita cha chipu ya nanomita 7. Na zana ihifadhi matokeo kila hatua, maana umeme ukikatika Nyegezi saa nane usiku hakuna wa kumlaumu.

Hatua ya 5: Joto

Tumieni HotSpot, programu ya kukadiria joto la chipu. Vipande vikibanana hupashana joto, vikiachana waya hurefuka. Kwa pakiti ya kawaida UCIe huruhusu waya wa hadi milimita 25, kwa hiyo nafasi ya kuviachanisha ipo.