Kabla hujaenda kupeleleza dubu Montana, angalia visa yako

Mwenzako wa kazini atakuambia: twende mlimani Jumamosi tukawatafute dubu, msimu unafunguliwa tarehe 15 Aprili. Mkifika mwisho wa barabara atakupa bunduki yake ya akiba uibebe, "kwa usalama tu." Ikatae palepale. Ukiwa Marekani kwa visa ya muda, iwe F-1 ya masomo, J-1 ya mabadilishano, H-1B ya kazi au B-2 ya matembezi, sheria ya shirikisho inakukataza kuwa na bunduki, au hata risasi moja mfukoni. Adhabu yake inafika miaka 15 jela, na kesi ya bunduki huharibu makaratasi ya uhamiaji hata kama jela umeiepuka.

Mlango wa kutokea upo, tena ni halali: leseni ya kuwinda iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani, ikiwa bado hai. Neno la kushikilia hapo ni hai. Mwaka wa leseni wa Montana huanza tarehe 1 Machi na kuisha siku ya mwisho ya Februari, na upelelezi wa dubu wa masika ya huku, yaani kuwatafuta kabla msimu haujafunguliwa, hufanyika mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili. Ile leseni uliyowindia paa mwezi Novemba imeshakufa. Mtu ni yuleyule na bunduki ni ileile, lakini Novemba ulikuwa mwindaji na leo tarehe 5 Aprili una kosa la jinai. Nunua leseni mpya kwanza, weka karatasi mfukoni, ndipo uguse chuma. Na kuwa nayo si lazima uishike mkononi: kwenye buti la gari lako au kabatini kwako inahesabika.

Ndugu wa nyumbani nao, tunawapenda, ila wanaponza watu. "Shika tu tupige picha tuone umekuwa mzungu." Picha hiyo ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp inabaki kuwa ushahidi, na mwendesha mashtaka hajali kwamba ulikuwa unamfurahisha shangazi.

Wenye Green Card, yaani ukaazi wa kudumu, wakiwemo wa bahati nasibu, hawaguswi na kifungu hiki. Wala wakimbizi waliopokelewa rasmi, kama Wakongomani wengi waliopo Missoula. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri jibu asisikilize porojo za barazani. Amuone wakili kwanza.

Leseni yenyewe haina maajabu. Fanya jaribio la kutambua dubu mtandaoni, ulipite, utunze cheti. Aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1985 anahitaji pia cheti cha mafunzo ya uwindaji. Bei ya mkazi ni ya aliyekaa jimboni siku 180 mfululizo, usidanganye hapo kwa ajili ya dola chache.

Basi mlimani unabeba nini? Dawa ya pilipili ya dubu, iliyosajiliwa na EPA (shirika la mazingira la Marekani), kopo lisilopungua gramu 225, linalorusha angalau mita 7 na kudumu sekunde 6. Livae kiunoni au kifuani. Likikaa ndani ya begi ni mzigo tu, kwa sababu dubu anakufikia kabla hujafungua zipu. Zoea kutoa kile kibanio cha usalama kwa kidole gumba ukiwa nyumbani. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kopo. Usilipulizie hema ukidhani ni kama dawa ya mbu, maana harufu ikishakauka inawavuta. Na kopo hilo haliruhusiwi ndegeni, si mkononi wala kwenye mizigo, kwa hiyo linunue ukishatua.

Kazi ya upelelezi ni ya macho kuliko ya miguu. Dubu weusi dume hutoka mapangoni kwanza, majike wenye watoto hutoka mwisho. Wakitoka wanakula majani mabichi kama ng'ombe, kwa hiyo tafuta miteremko inayotazama kusini theluji ilikoyeyuka mapema, njia za maporomoko ya theluji, na barabara za zamani za wakata magogo zilizofungwa geti, ambako klova, majani ya malisho, huota katikati. Kaa mteremko wa ng'ambo, darubini ya 10x42 (inayokuza mara kumi, lenzi za milimita 42) juu ya miguu mitatu, saa tatu za mwisho kabla ya giza. Upepo wa mlimani hupanda jua likipasha moto na hushuka jioni. Ukikaa juu ya dubu jua likizama, ameshakunusa.

Mavi ya masika ni ya kijani na yamejaa nyuzi za nyasi. Yavunje kwa kijiti: juu hukauka upesi, kwa hiyo ndani ndiko kunakokuambia kama ni ya leo. Angalia pia miti yenye utomvu, nywele zikiwa zimenasa kwenye gome. Ukikuta ubavu wa mlima umefukuliwa kama shamba lililolimwa kwa jembe, huyo huenda ni grizili, yule dubu mkubwa wa kahawia, anayechimba mizizi na kindi wa ardhini. Hapo huna biashara.

Grizili analindwa na sheria ya shirikisho tangu 1975 huku, na rangi haikusaidii kumjua: "dubu mweusi" anaweza kuwa wa kahawia au karibu wa dhahabu. Tazama nundu ya mabegani, uso uliobonyea na masikio mafupi. Kwenye unyayo wa mbele, weka kijiti kutoka chini ya kidole kikubwa kikipita ukingo wa juu wa kiganja. Kidole kidogo kikiwa karibu chote juu ya mstari, ni grizili. Kucha zake nazo huacha alama mbali na vidole. Ukiona dubu mweusi, usiweke alama kwenye ramani na kuondoka. Mtazame nusu saa, maana jike mwenye watoto haruhusiwi kupigwa na watoto huwa wamejificha mtini.

Wamarekani wa milimani wana ukarimu wa ajabu, na bunduki kwao ni kama panga kwetu, anakuazima bila kuwaza. Hana nia mbaya. Sheria ya wageni haijawahi kumgusa, hivyo haijui. Wana jambo moja la kuwaonea wivu: msitu wa taifa unaingia bila geti wala askari wa kukusindikiza, wakati Kenya ilifunga uwindaji 1977 na Tanzania kitalu cha uwindaji kina mwenyewe, kampuni. Ila mpaka wa hifadhi za taifa za Glacier au Yellowstone ukiuvuka, hakuna kuwinda, na nguzo yenye rangi ya chungwa ni shamba la mtu.

Na binamu anayeomba ngozi ya sebuleni asubiri: dubu mweusi yumo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, ngozi haitoki Marekani bila kibali, na kibali kinaombwa kabla ya kwenda uwanja wa ndege.