Unaenda Rubondo na pikipiki peke yako? Soma hapa kabla hujawasha

Kila likizo ikikaribia kuna mtu ananiuliza hii safari, mana wanajua nimeshaenda mara tatu kutokea Mwanza na pikipiki ya cc 150, kwa hiyo naandika mara moja, usije ukanipigia sa nne usiku uko Bwanga huna mafuta.

Kwanza elewa unakokwenda. Rubondo ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria. Ni hifadhi ya taifa toka 1977, ina msitu mnene, nzohe (swala wa majini), tembo, na sokwe ambao wazee wao waliletwa miaka ya 60 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Na pikipiki haivuki. Wewe ndo unavuka, chombo kinabaki mwaloni. Wengi hili hawaliwazi kabisa, wanawaza lami tu, na mimi nilikuwa hivyohivyo, nalirudia huko chini.

Sevisi fanya wiki moja kabla, sio jana yake. Ukifanya jana yake, ile nati fundi aliyosahau kukaza utaijua ukiwa Sengerema. Oili, cheni, breki, taa, imeisha hiyo. Tyubu za akiba mbili, ya mbele na ya nyuma, pampu ya mkono na solusheni mpya ya pancha, mana ile uliyoifungua mwaka jana imeshakauka humo ndani hata kama kwa nje inaonekana imejaa. Halafu lifungue tairi la nyuma mwenyewe nyumbani, bila fundi. Kama umeshindwa uani kwako na chai pembeni, barabarani jua linazama ndo utaweza?

Mzigo mzito uweke chini na karibu na kiti, usirundike kwenye keria nyuma kabisa, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unacheza, na pale daraja la Kigongo-Busisi upepo wa ziwani unakula ubavuni kilometa 3 nzima. Zamani pale tulikuwa tunapanda kivuko, unanyoosha mgongo, unakula karanga, toka Juni 2025 unapita tu juu kama huna habari, kwa hiyo panga sehemu nyingine ya kupumzika. Na mizigo iwe kwenye mabegi mawili unayoweza kuyabeba kwa mikono, sio vifurushi kumi na mbili vya kamba, mana kutoka kwenye pikipiki mpaka kwenye boti hamna wa kukubebea.

Hema lisiwe la bluu wala jeusi. Kisiwani kuna mbung'o na hizo rangi ndo wanazozifuata, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya bluu na nyeusi. Mimi nilikuwa na hema la bluu. Basi.

Usioge ufukweni hata maji yawe meupe vipi, kuna mamba na kuna kichocho. Usiku kiboko anapanda nchi kavu kula majani, kwa hiyo ukionyeshwa sehemu ya kuweka hema weka hapohapo, usijifanye unatafuta kona yenye mandhari nzuri. Kuni usitegemee kuokota, ile ni hifadhi, beba jiko dogo la gesi na mtungi wake.

Boti na kibali panga na watu wa hifadhi kabla hujatoka, malipo ni kwa kontroo namba, usifike na noti mfukoni ukadhani utaelewana na mtu. Boti ukiwa peke yako unalipa boti nzima, ulizia kama kuna wageni wengine siku hiyo mgawane. Laifu jaketi vaa, usiikalie. Hali ya ziwa waulize wavuvi, hili ziwa linapenda kupiga radi usiku kuelekea alfajiri na mchana upepo unaamka, wakikwambia subiri, subiri.

Sasa hilo la pikipiki kubaki.

Safari yangu ya kwanza nilifika Kasenda, mwaloni pa kuvukia, nimechelewa, boti inanisubiri, nahodha amenuna. Sikuwa nimepanga pikipiki italala wapi siku tatu. Pembeni kuna kijana ana kibanda cha vocha, mcheshi kweli, ananiita bro, akaniambia niachie mimi hapa hamna mwizi. Nikampa elfu tano, na ufunguo nikampa, eti mvua ikinyesha aisogeze ndani. Nikapanda boti roho nyeupe.

Siku ya tatu narudi, pikipiki ipo palepale, nikamshukuru mpaka nikamwongezea elfu mbili. Nafunga mizigo, akaja mama mmoja na kapu la dagaa, kasimama, anaangalia stika yangu ya timu ya Pamba kwenye madigadi, kisha ananiangalia mimi, kisha stika tena. Akasema, "Samahani baba, dereva wa hii pikipiki yuko wapi? Jana kanipeleka Muganza, hajanipa chenji yangu."

Nikamwambia mama, dereva ni mimi. Akasema hapana, sio wewe.

Nikaangalia mita. Pale Geita nilipojaza tenki niliandika kwenye daftari 31,412 mana nilitaka kujua ulaji wa mafuta. Mita inasoma 31,688. Toa hata kilometa 130 zangu za kutoka Geita, hizo nyingine ni za nani? Siku tatu chombo changu kilikuwa bodaboda, kinapiga ruti na wateja wamekizoea. Kijana nilipomuuliza hakutikisika hata kidogo, akasema, "Bro, betri ingekufa, nilikuwa naiamsha tu."

Tenki kavu, cheni inaning'inia. Nikanunua mafuta ya chupa palepale, sijui yalichanganywa na nini, injini ikawa inakohoa mpaka Chato, giza likanikuta, nikalala gesti ambayo sikuipanga kwa hela ambayo sikuwa nayo. Na chenji ya yule mama, elfu moja, nililipa mimi, mana alisimama pale haondoki.

Kwa hiyo sikiliza. Ulizia mapema watu wa hifadhi kama upande wa nchi kavu wana sehemu ya kuiweka. Kama hawana, lala gesti yenye geti Muganza hapo jirani, ongea na mwenye gesti sio mhudumu wa zamu, lipia maegesho, andikishaneni kwenye karatasi, piga picha ya mita na yeye akiwa amesimama hapo. Ufunguo haumwachii mtu, na hautoshi pia, hizi pikipiki zetu ufunguo wa jirani unawasha. Fungua plagi ya injini, bila hiyo haiwaki, ziba tundu na kitambaa safi uchafu usiingie, plagi weka mfukoni uvuke nayo. Spana ya plagi nayo vuka nayo, watu wana akili. Mimi sasa hivi hata nikienda sokoni Kirumba natoa plagi, mke wangu ananicheka.

Mengine ya kawaida unayajua. Mtu mmoja nyumbani awe na ratiba yako na siku ya kurudi. Dawa zako, chandarua, tochi na betri zake, pawabenki. Usiendeshe usiku, ng'ombe hawana taa, na jioni vidudu vya ziwani vinatanda barabarani, kioo cha helmeti kisipofungwa utavila. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku toka 2019, usifungie nguo humo, tafuta turubai. Mvua ikikukuta simama, hamna anayekupa kombe. Na ukigundua umesahau kitu, Geita mjini spea zipo, ukishapita hapo shauri yako.