Fremu ya resi ya kupimiwa kwa mfuko mdogo: maneno ya fundi wa Malindi

Wateja wanaokuja kibandani kwangu kuulizia fremu ya baiskeli ya resi ya kutengenezewa huanza na jina la chuma. "Fundi, nataka ya Reynolds." Mimi huwauliza kwanza: za dukani zimekushinda wapi? Ukikosa jibu, pesa zako zibaki mfukoni. Fremu ya kupimiwa ni kama kanzu ya kushonewa, na mtu ambaye kanzu ya dukani inamkaa vyema hana haja ya kumsumbua mshonaji.

Wenye haja wapo. Nina mteja mmoja, dada muuguzi, miguu mirefu na kiwiliwili kifupi. Fremu iliyomtosha kwa kimo ilimlaza mbele mpaka vidole vikamfa ganzi kabla hajafika Gede. Iliyomtosha kwa mikono ilitaka nguzo ya kiti ichomolewe hadi ukomo. Huyo hana dawa dukani. Mtu mfupi sana naye pia, au pandikizi la mtu ambaye fremu nyepesi humyumbia kila akisimama kwenye pedali.

Wewe mwingine ambaye mwili wako ni wa kawaida, Malindi ina bahati ambayo Bungoma haina. Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi, na mzee akirudi kwao au magoti yakimkataa, baiskeli yake ya resi huuzwa. Mara nyingine utakuta fremu ya mabomba ya Columbus, watu wa Milano walioanza mwaka 1919, inauzwa na mtu asiyejua alicho nacho. Usifurahi upesi. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na chini ya lile kubwa linaloshuka kwenye pedali, pale mara tu nyuma ya shingo ya usukani. Ukigusa kimkunjo, au ukiona rangi imepasuka kwa kukingama, iligonga kitu kwa mbele. Rudisha pesa mfukoni. Beba sumaku ya spika mbovu uitembeze kwenye mabomba: isiposhika, hapo pamejazwa puti. Halafu mwambie muuzaji achomoe nguzo ya kiti mbele yako. Akianza kutafuta nyundo, muage.

Angalia pia hesi za ekseli ya pedali. Fremu nyingi za Kiitaliano zina tundu la upana wa milimita 70 na kipenyo cha 36, na kikombe cha kulia, yaani kile kinachoshikilia ekseli, hukazwa upande ule ule wa skrubu za kawaida, kwa hiyo ukikanyaga siku nyingi hujilegeza. Za Kiingereza ni 68, na kikombe cha kulia hukazwa kinyume. Spea za Kiingereza ndizo nyingi. Ya Kiitaliano si mbaya, ila ujue unaoa na mashemeji.

Haya, tuseme umepima mambo na bado unataka kutengenezewa. Kinacholipiwa hasa ni vipimo, basi vipimo vitoke sawa. Simama peku, mgongo ukutani, kitabu cha jalada gumu katikati ya miguu, ukipandishe mpaka kikubane kama kiti kinavyobana. Mwenzio apime toka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883, hesabu iliyoenezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Mwenye sentimita 86 atapata karibu 76, nao ndio umbali toka katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya kiti. Hapo ni pa kuanzia tu. Mwenye nyayo kubwa au viatu vya soli nene atasogeza kidogo.

Kimo cha kiti, hata hivyo, hurekebishika kwa spana. Kisichorekebishika kirahisi ni urefu wa kwenda mbele. Chukua baiskeli unayoendesha sasa, pima toka ncha ya kiti hadi katikati ya usukani, na mwambie mtengenezaji wapi panakuuma: shingo, kiuno, viganja. Mtumie picha yako ya ubavuni ukiwa juu yake, mikono ilipozoea kukaa. Kisha dai mchoro wenye namba mbili hizi: toka katikati ya ekseli ya pedali kwenda juu hadi usawa wa kilele cha shingo ya usukani ni ngapi, na kwenda mbele ni ngapi. Kwa namba hizo mbili unaweza kulinganisha fremu yoyote na nyingine. Asiyetaka kuchora kabla ya kukata bomba, usimpe arubuni.

Sasa hilo jina la chuma. Reynolds wa Birmingham walitoa 531 mwaka 1935, chuma cha manganizi na molibdenamu, na kwa miongo mingi ndicho kilichotamba kwenye resi. 853 ilikuja miaka ya 1990; ni kali zaidi, na haidhoofiki pale kiungo kilipopata moto. Kisha kuna kromoli ya kawaida, namba 4130, ambayo haina stika ya kuringia. Wauzaji hawapendi kueleza kwamba vyuma hivi vyote hupinda karibu sawa. Chukua mabomba mawili yenye kipenyo kimoja na unene mmoja, la bei ya chini na la bei kali, uyaegemee kwa uzito ule ule: yatanesa sawasawa. La ghali hustahimili zaidi kabla ya kukunjika moja kwa moja, na kwa nguvu hiyo mtengenezaji anathubutu kulifanya jembamba. Unacholipia ni wepesi.

Bomba zuri la resi huachwa nene kwenye ncha, ambako moto hupita, na hupunguzwa katikati. La kawaida ni milimita 0.9 nchani na 0.6 katikati. Ya bei kali hushuka hadi 0.7 na 0.4. Hebu iweke hiyo 0.4 hapa kwetu, upepo wa kusi ukivuma na chumvi ikiganda kwenye vioo vya madirisha. Kutu ya fremu haianzii nje unakoona. Huanzia ndani, chini kabisa, pale mabomba yanapokutana kwenye ekseli ya pedali na jasho na maji ya mvua yakatuama. Bomba la 0.6 lina nyama ya kuliwa miaka kadhaa zaidi, na halibonyei ovyo baiskeli ikiangukia tuktuk. Tofauti ya uzito kwa fremu nzima ni gramu mia mbili tatu hivi. Maji ya nusu lita kwenye chupa yako ni gramu 500.

Kwa hiyo mtu wa pwani mwenye mfuko mdogo namwambia bila kupepesa macho: 4130, ncha nene, 0.9 na 0.6. Pesa uliyookoa usiipeleke kwenye stika. Kama una mwili mkubwa, ongeza kipenyo badala ya kununua jina. Bomba la chini la zamani lilikuwa 28.6, mtu wa kilo 90 aombe 31.8 au 35, na ataona fremu imetulia.

Kuunga kuna njia tatu. Lagi, yaani bomba kuchomekwa kwenye kifuko cha chuma na kujazwa shaba au fedha. Shaba tupu bila kifuko, kisha kupigwa tupa mpaka kiungo kionekane kama kimemiminwa. Na weldi ya tigi, ile ya umeme na gesi. Zote tatu hushika zikifanywa na anayejua. Tigi huchukua saa chache, kwa hiyo ndiyo nafuu, na ndiyo ningechagua. Lagi za kunakshiwa ni nzuri kutazama. Muombe mtengenezaji picha za viungo kabla ya rangi, kwa karibu: utando wa weldi uwe na mawimbi madogo yaliyolingana, usiwe na mashimo wala mtaro uliochimbika pembeni mwake.

Kuna wanaoniuliza kama jirani yangu wa mageti hawezi. Jirani yangu ni hodari, na geti la kwangu ni kazi yake. Lakini weldi ya fimbo kwenye bomba la 0.6 hutoboa kabla hujapepesa, na bomba la maji lililopakwa zinki, ambalo ndilo lililo karibu naye, likipata moto hutoa moshi wa kumlaza mtu na homa usiku huo. Aendelee na mageti.

Nafasi ya tairi ndipo watu wengi wanapojinyima. Michoro mingine ya resi bado huja na nafasi ya tairi la milimita 25. Toka mjini kuvuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui ni lami, sawa, lakini ukishachepuka tu ni mchanga, na mchanga haujali ulilipa nini. Dai nafasi ya 32. Kwa breki za kubana rimu, hiyo ina maana breki za mkono mrefu, zinazofika milimita 47 hadi 57, na lazima mtengenezaji ajue kabla hajaweka tundu la breki. Breki za diski ni tamu, ila zinataka foku (uma wa gurudumu la mbele) nzito na ekseli yake maalumu, na bei hupanda kila hatua. Kwa mfuko tunaouzungumzia, rimu.

Mengine andika kwenye karatasi ya oda uyamalize: hesi za Kiingereza 68, nguzo ya kiti 27.2, nafasi ya gurudumu la nyuma 130, waya zote zipite nje. Vishikio vya kariya na vya madigadi viwekwe sasa hivi hata kama huvitaki. Kuviunga baadaye ni kuharibu rangi. Foku nunua iliyo tayari, uokoe, lakini mwambie mtengenezaji urefu wake kabla hajachora. Foku ikizidi iliyokusudiwa kwa milimita 20, shingo hulala nyuma karibu digrii moja na usukani huwa mzito.

Rimu ziwe za 622, yaani milimita za kipenyo pale tairi linapokaa. Duka la tairi likikwambia "hii ni 28, itaingia", geuza tairi usome ubavuni. Tairi la Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, 28 kwa 1½, ni 635, na halitakaa kwenye rimu yako hata uliombee dua. La baiskeli ya mlima ya 29 ni 622, kwa hiyo tyubu yake nyembamba inaweza kukufikisha nyumbani.

Bei: kwa mafundi wenye jina huko Uingereza na Italia, fremu peke yake mara nyingi hupita euro 1,000. Wasio na jina kubwa, wanaofanya tigi na rangi moja, ni nafuu sana. Usilinganishe bei za mlangoni kwao. KRA, watoza kodi wa Kenya, hupiga ushuru juu ya thamani pamoja na nauli na bima, kisha kuna VAT ya asilimia 16 na ada nyinginezo, kwa hiyo uliza jumla ya kufika Malindi. Lipa kwa mafungu: arubuni, fungu la pili ukishaona picha za fremu tupu, la mwisho inapopakiwa.

Ikifika, usiifunge kitu. Tafuta uzi wa mwashi. Funga ncha moja kwenye sikio la nyuma la kushoto, pale ekseli inapokaa, upeleke mbele uzungushe shingo ya usukani, urudi hadi sikio la kulia, ukaze mpaka ulie ukiupiga kidole. Sasa pima toka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Zilingane. Milimita moja sina neno nayo. Zikipishana tatu, nyuma imepinda, na gurudumu litatembea upande kama kaa. Piga picha rula ikiwa mahali pake, umtumie mtengenezaji siku hiyo hiyo, kabla hujakwaruza rangi, maana ukishaifunga vifaa atasema ni wewe.

Kisha kutu. Chini ya tundu la ekseli ya pedali pawe na kitobo cha milimita 4 au 5 cha kutolea maji. Kama hakipo, toboa. Nunua mafuta ya linsidi yaliyochemshwa, yale wanayotumia maseremala. Mimina kidogo kwenye kila bomba kupitia matundu yaliyopo, geuza fremu huku na huku kama unayeosha chupa, ininginize imwage, uiache siku kadhaa ikauke. Vitambaa ulivyofutia vitandaze uani, usivifinyange kwenye pipa: linsidi ikikauka hutoa joto, na rundo la vitambaa linaweza kuwaka lenyewe.

Nguzo ya kiti ya alumini ndani ya bomba la chuma, ukiongeza chumvi, hushikana kabisa. Ipake grisi, na kila miezi miwili mitatu ichomoe, ifute, ipake tena. Ukitoka safari ya ufukweni osha kwa maji ya mfereji; ya visima vyetu vingi yenyewe yana chumvi. Rangi ikibanduka, sugua kwa msasa laini mpaka chuma king'ae, upake rangi ya kucha mara mbili. Za kina dada madukani zina kila rangi, ila nenda na picha ya fremu kwenye simu, maana kijani cha dukani na kijani cha baiskeli yako havijuani.